Bao la Mia Tatu

Oktoba 4, Ijumaa ya kwanza ya mwezi

Daktari Savoie amenisikiliza kifua asubuhi, akasema maji yameanza kupanda mapafuni. Nikamuuliza kama nitafika Aprili. Akasema, "Sista, tuanze na Krismasi." Nikamwambia Krismasi sina ninachongoja isipokuwa pai ya nyama, na hata hiyo siku hizi jikoni wanaipika bila chumvi kwa ajili ya mioyo yetu. Ninayoitaka ni Aprili. Aprili ndipo ligi inapomaliza michezo yake, na mwaka huu ikiisha, Yannick naye amekwisha.

Yannick Désilets ni mjukuu wa kaka yangu. Ni mshambuliaji wa hoki ya barafuni, na hakuna mtu katika mji wetu huu wa Sainte-Ozanne anayehitaji kuambiwa hivyo. Ana miaka thelathini na minane na magoti ya mzee wa sitini. Wiki iliyopita alitangaza kwamba huu ndio msimu wake wa mwisho. Amebakiza mabao kumi na moja afikishe mia tatu, na redio yetu haina habari nyingine.

Mchana nikaungama. Padre ni mpya: Padre Lwamba, mtu wa Kindu huko Kongo. Alikuja amevaa koti la kumtosha dubu, na ni Oktoba tu.

"Nina kiburi, Padre," nikamwambia.

"Cha nini, Sista?"

"Cha hoki."

Akafungua kifungo kimoja cha koti. "Hoki ndiyo ile wanayopigana?"

"Kupigana ni pembeni tu."

Nikamweleza habari za Yannick. Akasema kumfurahia mtoto wa ndugu yako si dhambi. Nikamwambia hakunielewa. "Simfurahii yeye, Padre. Najifurahia mimi. Mimi ndiye niliyemfundisha. Kila akifunga, kuna sauti ndani yangu inasema: hilo ni langu. Nina miaka themanini na tisa, nakaribia kufa, na sauti haijanyamaza."

"Basi unajuta?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Padre, nimefundisha jometri maisha yangu yote. Siwezi kuandika 'imethibitika' chini ya kitu ambacho hakijathibitika."

Akasema bila majuto hawezi kuniondolea dhambi. Nirudi Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao. Nikamuuliza, na nikifa kabla? Akasema, "Basi jitahidi usife."

Nimempenda kidogo. Kidogo tu.

Oktoba 10

Mchezo wa kwanza. Wamefungwa. Sista Huguette, ambaye ndiye muuguzi wetu na shabiki wa wapinzani tangu ubatizo, ameniletea vidonge huku akiimba.

Oktoba 20, Jumapili

Bao la kwanza la msimu! Na ni bao lake kabisa, la aina yake.

Padre Lwamba alikuja na komunyo akanikuta nacheka peke yangu. Akauliza kwa nini bao liandikwe jina la Yannick wakati aliyepiga ni mwingine. Ni swali zuri. Nikamwambia asogeze kiti.

Kuna washambuliaji wanaokimbia kama upepo, na hao ndio watoto wanaobandika picha zao ukutani. Yannick hajawahi kukimbia. Kazi yake ni kusimama. Anasimama mbele ya lango la wapinzani, amempa kipa mgongo, walinzi wanamchapa kiunoni kwa magongo na kumsukuma shingo. Mwenzake anapiga kutoka mbali. Kile kisahani cheusi kigumu, ambacho kwetu ndicho mpira, kinakuja kasi isiyofuatwa na macho, na Yannick, pale pale kinapompita, anakigusa kwa ncha ya gongo lake. Mguso mdogo, kama wa kukung'uta vumbi mezani. Kipa amekwisha kwenda kushoto, kisahani kimekwenda kulia.

"Huo ni wizi," akasema Padre.

"Ni pembe," nikamwambia.

Nilimfundisha nyuma ya nyumba hii hii. Majira ya baridi masista tulikuwa tunamwagia uwanja wa shule maji kwa bomba la bustani, tabaka juu ya tabaka, mpaka unang'aa. Mama yake Yannick alikuwa akifanya kazi kwenye kantini ya kiwanda cha karatasi, hata Jumamosi, kwa hiyo mtoto alishinda kwetu. Alikuwa mnene na mzito wa miguu. Wenzake walimwita Kabati. Nikaona huyu hatamkimbiza mtu. Nikaweka pipa langoni liwe kipa, nikavaa viatu vya barafu chini ya kanzu, nikawa nampigia visahani. "Usikitazame, kitazame kinakokwenda. Mkono wa chini ulegee, kiwiko kishuke." Alikuwa akirudia kama sala. Mkono wa chini ulegee, kiwiko kishuke.

Mpaka leo nikiona kile kiwiko kikishuka najua kabla ya refa.

Novemba 1, Watakatifu Wote

Nimeungama. Sijuti. Padre ameuliza Yannick amebakiza mangapi.

Novemba 16

Theluji. Mawili katika mchezo mmoja. Nimeshindwa kula kwa furaha, na Huguette ameandika kwenye chati kwamba nimekataa chakula.

Novemba 29

Hakuna.

Desemba 6, Ijumaa ya kwanza

"Sasa hivi ukimwona, bado ile sauti inasema hilo ni langu?" akauliza Padre.

"Inapiga kelele, Padre."

Akasema kwao Kindu alikuwa kipa wa seminari, na kwamba kama angesimamiwa na mtu kama Yannick mbele ya macho angemwuma sikio. Nikamwambia wengi wamejaribu.

Desemba 25

Nimefika Krismasi. Daktari Savoie alikuja kunisalimia na uso wa mtu aliyeshindwa dau. Pai haikuwa na chumvi.

Januari 11, Jumamosi

Jumamosi tunaruhusiwa televisheni ya sebuleni. Laiti tusingeruhusiwa.

Kipindi cha pili. Alikuwa amesimama pale pake, mlinzi mmoja amemlalia mgongoni. Mwenzake akapiga. Kisahani hakikupita kwenye gongo. Kilimpiga mkono. Alivua glavu akaingia ndani mwenyewe, mkono ameukumbatia kama mtu aliyebeba ndege. Huguette alizima sauti bila kuambiwa na akanishika bega. Nikamwambia aondoe mkono wake.

Januari 12

Mifupa miwili. Wanasema majuma manane, pengine zaidi. Redio nzima asubuhi: angeacha tu, amefanya vya kutosha, kwa nini aumie kwa ajili ya namba.

Amebakiza matatu.

Januari 14

Yannick amepiga simu. Nayaandika maneno yetu kama yalivyokuwa.

"Shangazi, unapumua?"

"Napumua. Mkono?"

"Umevimba kama mkate. Kocha anasema niamue mwenyewe. Mke wangu ameshaamua."

"Anasemaje?"

"Anasema watoto wanataka baba mwenye mikono miwili." Akacheka, lakini si kicheko chake. "Wewe unasemaje?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema mambo mengi. Nilisema, "Matatu tu, Yannick. Rudi uyamalize."

Akasema, "Sawa, Shangazi," kwa sauti ile ile ya Kabati akiambiwa arudie tena kutoka mwanzo.

Huguette alikuwa akibadilisha shuka la jirani. Ni mtu wa kelele, sijawahi kumwona ananong'ona. Alinong'ona.

"Donalda, hayo matatu ni ya nani?"

"Ni yake."

"Mm-hm," akasema, akaenda na shuka zake.

Januari 15

Nimekasirika na Huguette siku nzima.

Januari 17

Bado.

Januari 20

Hasira imeisha, na kumbe chini yake kulikuwa na kitu kingine. Nimemwomba anisomee zaburi. Alisoma vizuri. Miaka ishirini tunaishi pamoja na sikujua kwamba anajua kusoma taratibu.

Februari 7, Ijumaa ya kwanza

Nilimweleza Padre habari za simu. Nje walikuwa wanakwangua theluji kwenye ngazi.

"Unataka kujuta, Sista?"

"Nataka kutaka."

"Ni mwanzo," akasema. "Bado si mwisho."

Nilidhani ni mgeni asiyeelewa mambo yetu. Anaelewa. Tatizo ni mimi.

Februari 19

Maji tena. Siwezi kulala chali. Nimepewa mashine ya hewa inayonguruma kama jokofu.

Machi 15

Amerudi. Mkono umefungwa bendeji chini ya glavu. Hakufunga, lakini alisimama pale pale, na walimchapa vile vile. Uwanja mzima ulisimama alipoingia. Mimi nilikaa kwa sababu siwezi kusimama.

Machi 19

Moja! Padre Lwamba alipita kwenye korido akiwaeleza wapishi kwamba mguso ulikuwa juu ya kiwiko cha kipa na si chini. Wapishi ni watu wa hapa, walimsikiliza kwa heshima.

Machi 22

Lingine! Mia mbili tisini na tisa. Wameleta asali ya mti ya kwanza ya mwaka, ile ya utomvu uliochemshwa, ikiwa moto, na Huguette akanimwagia juu ya theluji kwenye bakuli kama tunavyowafanyia watoto. "Kwa ajili ya mzee wako Yannick," akasema. "Na ndilo la mwisho, mimi nakwambia."

Machi 26

Hakuna.

Machi 29

Hakuna. Kisahani kiligonga mwamba wa lango. Nilisikia mlio wake kwenye televisheni, na nyumba yote ilinisikia mimi.

Aprili 1

Hakuna.

Aprili 4, Ijumaa ya kwanza

Nimepewa mpako wa wagonjwa. Padre alinipaka paji la uso na viganja, akauliza kwa mara nyingine, nikajibu yale yale. Alikunja stola yake polepole. "Umebakia mchezo wa nyumbani tarehe kumi na mbili," akasema. Sijui kama alikuwa ananifariji au anajifariji.

Aprili 8

Hakuna. Mwandishi wa redio amemwuliza Yannick kama namba inamsumbua. "Inawasumbua wazee wangu," akajibu. Watu wakacheka studio. Mimi sikucheka.

Aprili 12, Jumamosi

Naandika kidogo kidogo. Huguette ameniwekea mto chini ya mkono. Lazima niandike leo.

Mchezo ulianza saa nane mchana. Walinisukuma sebuleni na mashine yangu. Masista wote waliojiweza walikuwepo, wapishi, na Padre Lwamba bila koti. Huguette alikaa upande wangu na kitambaa cha timu yake shingoni, lakini wapinzani wa leo hawakuwa timu yake, kwa hiyo kelele zake zilikuwa za mazoea tu.

Timu ya Yannick imeshatolewa kwenye mashindano, haichezei chochote. Kwa kuwa wengi wameumia, wamepandisha vijana. Mmoja ni beki, Mfini anayeitwa Eetu, mwenye uso wa mtoto wa komunyo ya kwanza. Tangu apandishwe hajafunga. Watangazaji walisema kesho anarudishwa chini, na pengine hataitwa tena.

Vipindi viwili vilipita. Kila Yannick alipoingia, uwanja uliita jina lake. Wenzake walikuwa wanamtafuta. Waliacha hata nafasi zao wenyewe ili wampe yeye. Ilianza kuonekana vibaya, kama karamu ambayo kila mtu anamlazimisha mgonjwa ale.

Kipindi cha tatu, dakika za mwisho, mbili kwa mbili. Kisahani kikatoka pembeni kikamfikia Eetu kule mbali. Yannick alikuwa mahali pake, mgongo kwa kipa, mlinzi amemkaba shingo. Eetu akapiga. Pigo la chini, likielekea kushoto kwa kipa. Kipa akaenda kushoto.

Kisahani kikaingia juu kulia.

Sebule ililipuka. Padre alimkumbatia mpishi. Wachezaji waliruka ukuta wa uwanja wakamfunika Yannick, na sauti ya uwanjani ikatangaza, "Bao la namba kumi na nane, Yan-nick Dé-si-lets!" Watu walikuwa wanalia. Mimi nilipiga kelele mpaka mashine ikaanza kulia nayo.

Lakini Yannick hakuwa anashangilia. Alijichomoa kwenye lile rundo la watu, akaenda langoni peke yake, akainama na goti lake baya, akakitoa kisahani wavuni. Nikanyamaza. Kwetu kisahani huokotwa kwa sababu moja: mwenzako amefunga bao lake la kwanza maishani, na wewe unamwokotea ili akampelekee mama yake.

Akaenda kwa Eetu akakitia kisahani kwenye glavu yake. Kisha akateleza hadi kwenye meza ya waandika mabao, akawatikisia kichwa. Akaonyesha gongo lake, akapunga mkono: hapana, sikugusa. Akamwonyesha Eetu kwa kidole.

Wakarudisha picha mara nyingi. Kutoka nyuma, kutoka juu. Mwili wake na wa yule mlinzi ilikuwa imeliziba gongo. Hakuna kamera iliyoona ncha yake. Waandika mabao wakashika neno lake. Sauti ya uwanjani ikasahihisha. Kwanza watu walinung'unika, halafu wakamwona yule mtoto wa Kifini ameganda katikati ya barafu na kisahani mkononi, mdomo wazi, na wakaanza kupiga makofi, na makofi hayakuisha.

"Mtu mwaminifu!" mtangazaji akasema. "Angeweza kunyamaza tu! Mtu mwaminifu kabisa!"

Huguette akanigeukia macho yamelowa. "Masikini, Donalda. Hakugusa."

Niliendelea kutazama televisheni. Pigo la chini kushoto haliingii juu kulia kwa huruma ya hewa. Kipa hakuligusa, alikuwa upande mwingine. Na mimi sikuwa natazama gongo. Nilikuwa natazama kiwiko, na niliona kikishuka.

Aliligusa. Ni mguso mzuri kuliko yote aliyowahi kupata.

Aprili 13, Jumapili ya Matawi

Nimemwita Padre baada ya Misa, akiwa bado na tawi mkononi. Nilimwomba afunge mlango.

"Padre, nina jipya. Nimeona uongo mbele ya watu elfu ishirini, na nimeufurahia."

Nikamthibitishia: pigo, kipa, kiwiko. Alikaa kitandani kabisa, jambo ambalo mapadre hawafanyi. "Kumbe aligusa," akasema. "Aligusa!" Kisha akakumbuka alikuja kufanya nini. "Na ile sauti yako? Ilisema hilo ni langu?"

Hapo nilihitaji muda wa kupumua.

"Mguso ni wangu, Padre. Kiwiko nilimfundisha mimi. Lakini alipoinama pale wavuni... hilo sikumfundisha. Mimi Januari nilimwambia arudi na mkono uliovunjika ayamalize matatu. Angenitii, jana angelichukua. Alilitoa. Sijui alijifunzia wapi. Nilitafuta usiku kucha mahali pa kuandika jina langu, sikupaona. Na bado nimejaa fahari hata kifua hakitoshi."

"Na yale ya Januari?"

"Najuta," nikasema. Lilitoka lenyewe. "Nilimtuma akaumie kwa ajili ya namba yangu. Najuta, Padre, na nimejuta kabisa."

Aliinua mkono akaniondolea. Maneno yale nimeyasikia maisha yangu yote, leo ndipo nimeyasikia.

"Malipizi," akasema, na nikamwona anatabasamu pembeni ya mdomo. "Hutamwambia mtu yeyote kwamba aligusa. Hasa Sista Huguette."

"Padre, hiyo ni kali mno."

"Ndiyo maana inaitwa malipizi."

"Na shajara yangu?"

Akafikiri. "Shajara haitakutania. Hiyo ruksa."

Aprili 16

Yannick amekuja. Alijaza mlango, kama zamani. Alikaa chini sakafuni kwa ajili ya goti, akaegemeza kichwa kitandani kwangu, na masista walipita na kurudi koridoni bila shughuli yoyote.

"Umekasirika, Shangazi?"

"Kwa nini?"

"Nimekuishia njiani. Najua ulikuwa unaitaka ile mia tatu."

Nilimshika ule mkono. Mifupa imeunga vibaya kidogo, kuna kinundu. "Nisamehe ya Januari," nikamwambia. "Mke wako alikuwa sahihi."

"Huwa yuko sahihi. Inachosha." Akakunja vidole vya ule mkono. "Mama yake Eetu ameniandikia. Kisahani wamekiweka juu ya televisheni. Jana wamempa mkataba wa mwaka."

"Ni bao zuri," nikasema. "Pembe yake ilikuwa nzuri sana."

Akainua kichwa. Tulitazamana. Uso wake ulikuwa ule ule wa Kabati aliyevunja dirisha la jikoni.

"Pembe gani?" akasema.

"Ya Eetu."

"Aa," akasema, akarudisha kichwa chake. "Ndiyo. Kijana ana pembe."

Alisinzia pale pale. Nilimwacha. Nilimtazama mpaka kengele ya masifu ya jioni, mtu huyu mzito wa miguu, na sikusikia sauti yoyote ndani yangu.

Aprili 19, Jumamosi Kuu

Mkono umechoka. Mashariki theluji imebaki kwenye kivuli cha ukuta tu, pale palipokuwa uwanja wetu.

Huguette ameniletea supu ya njegere. Akaniinua, akanifunga kitambaa kidevuni, na nikajua kutoka machoni mwake kwamba leo ameamka na utani wake wote.

"Mia mbili tisini na tisa!" akasema. "Msimu mzima redio inatupigia kelele, kumbe mzee wako anaishia mlangoni. Angenyoosha gongo kidogo tu! Si ulisema ulimfundisha wewe?"

Kijiko kilikuwa mbele ya mdomo wangu. Uthibitisho wote ulikuwa nyuma ya meno, mstari kwa mstari.

"Ndiyo, Huguette," nikasema.

Supu haikuwa na chumvi. Nimeinywa yote.